Mwenye arosto akija dirishani kwetu tumfanyeje?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni muda mrefu. Mimi ni nesi, nafanya kazi zahanati huku Temeke, huu mwaka wa kumi na nne, na kila nikisikia habari za dawa za kulevya nasikia kilo zilizokamatwa, jahazi lililokamatwa baharini, vijana waliozolewa kijiweni, ila sijasikia watu wakiuliza huyu kijana siku akijileta mwenyewe kutafuta msaada anakutana na nani pale dirishani, na huyo anayekutana nae kafundishwa nini. Mi ndo ninayekutana nae. Na nilikuwa sijafundishwa kitu.

Miaka ya nyuma alikuja kijana asubuhi na mapema, hata kudeki hatujamaliza, anatetemeka, kamasi na machozi vinamtoka, anapiga miayo mfululizo, vinyweleo vimemsimama mikono yote na tumbo linamkata. Nikampima malaria hana. Nikamuuliza jana umekula nini, akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Sista nina arosto, nisaidie hata kidonge cha usingizi." Arosto ni yale mateso ya mwili mtumiaji akikosa dawa ya kulevya aliyoizoea, na niliposikia hivyo nikabadilika sura. Nikamwambia mbele ya foleni nzima hapa sio maskani, hatutoi dawa kwa mateja, kama unataka kupona si uache tu mbona wenzako wameacha. Akaondoka anashika ukuta. Akina mama waliokaa kwenye benchi wakaniunga mkono, mmoja akasema bora umemfukuza angetuibia simu, na mimi siku ile nilijiona nimefanya kazi nzuri kabisa nimeilinda zahanati.

Sijamwona tena. Huwa namtafuta kwa macho kwenye foleni.

Kilichonibadilisha ni mafunzo ya siku tano niliyobahatika kwenda, ya ushauri nasaha na uelewa wa dawa za kulevya, tulikuwa manesi, walimu wawili, maafisa ustawi wa jamii na mtendaji wa mtaa mmoja. Mmoja wa waliotufundisha ni kaka aliyetumia unga, yaani heroini, miaka mingi, sa hivi anakunywa methadoni, dawa ya kliniki inayozuia arosto ya unga, na ni mwelimishaji rika, yaani anawaelimisha wenzake wa maskani. Siku ya kwanza tukafanya igizo, mimi nesi yeye mgonjwa, nikamhoji kama ninavyohoji siku zote. Tulipomaliza akaniambia kwa upole kabisa, "Dada umeniuliza maswali tisa, yote jibu lake ni ndiyo au hapana, na matatu hayakuwa maswali, ulikuwa unanisema." Nilitamani ardhi ipasuke. Miaka yote ile nilidhani najua kuongea na watu!

Hapo ndo nikaanza kujifunza upya. Kumbe kuna namna ya kuuliza inayomwachia mtu aseme mwenyewe, unamuuliza siku yako inakuwaje kuanzia unapoamka, alafu unanyamaza. Kule kunyamaza ndo kugumu, sisi manesi tuna haraka, foleni ndefu, mtu akivuta pumzi tu sisi tushamaliza sentensi yake. Kuna kumrudishia alichosema kwa maneno yako ajue umesikia, kuna kumtambua kwa kile alichofanya vizuri hata kama ni kidogo kama kuja tu zahanati, na mwisho unakusanya mliyoongea mnaangalia pamoja. Mbinu hii mwanasaikolojia wa Marekani William Miller aliiandika kwa mara ya kwanza mwaka 1983 kutokana na kazi aliyokuwa anafanya na watu wenye shida ya pombe, baadae akaiendeleza na mwenzake Stephen Rollnick, na kiini chake ni kwamba mtu mwenye uraibu ana nia mbili ndani yake kwa wakati mmoja, anataka kuacha na anataka kuendelea, sasa wewe ukijishikia upande wa kuacha ukaanza kumhubiria yeye anabakiwa na upande mmoja tu wa kutetea. Nikakumbuka ndugu na majirani zangu wote niliowahubiria, kila mmoja alinipa sababu za kuendelea.

Ila nisieleweke vibaya, Mhariri, kuongea vizuri peke yake hakutoshi na hapa ndo napotaka wasomaji na wakubwa wetu wanielewe. Kuna mzee alikuja kwetu kwa ajili ya presha, ananuka gongo saa tatu asubuhi. Zamani ningemkaripia. Nikamuuliza, "Baba, hii pombe inakusaidia nini?" Alinishangaa, nadhani hajawahi kuulizwa hivo. Akasema inampa usingizi tangu mkewe afariki. Nikamuuliza na inakuchukulia nini, akakaa kimya muda mrefu kweli, akasema wajukuu hawaletwi tena nyumbani kwake. Akaanza kulia na akasema leo leo naacha, sigusi tena. Sasa fikiria mhudumu aliyefundishwa kusikiliza tu angefurahi akampigia makofi akamruhusu aende nyumbani. Kumbe mtu aliyezoea pombe kali kila siku kwa miaka akikata ghafla anaweza kupata degedege, akachanganyikiwa, akaona vitu visivyokuwepo, na anaweza kufa kabisa. Arosto ya unga inatesa sana lakini kwa kawaida yenyewe haiui mtu mzima ila akiishiwa maji kwa kuhara na kutapika, ya pombe ndo inaua, na huku mtaani watu wanaamini kinyume chake. Nikamwandikia rufaa siku ile ile, nikampigia binti yake amsindikize.

Ndo maana nasema vitu hivi viwili vifundishwe pamoja, moyo wa kusikiliza na kuijua dawa yenyewe. Mfano mwingine, mwenzetu mmoja alikuwa na mgonjwa wa TB anayekunywa methadoni, alipoanzishiwa dawa za TB akawa analalamika kila siku dozi haimshiki, usiku anapata arosto. Watu wakasema huyu muongo, keshaanza kudunga tena, anatafuta kuongezewa. Kumbe rifampisini iliyomo kwenye dawa za TB inafanya mwili uivunje methadoni haraka, dozi ile ile iliyokuwa inamtosha saa 24 haimfikishi tena. Mgonjwa alikuwa anasema ukweli mtupu na sisi tulikuwa tunamwita muongo. Wangapi tumewapoteza kwa namna hii, wamekata tamaa wamerudi kijiweni kwa sababu ya ujinga wetu sisi tuliovaa nguo nyeupe?

Na kuna hili la mtu anayetoka rumande au soba hausi, zile nyumba wanakokaa wanaoacha dawa. Familia inafurahi, mtoto kanenepa, kasafika, wanadhani hatari imeisha. Mwili ukikaa wiki kadhaa bila unga unapoteza ule uzoefu wa kuhimili, siku akiteleza akarudia kiasi kile kile alichokuwa anatumia mwanzo pumzi inakata. Zile siku za mwanzo za kutoka ndo za hatari kuliko zote. Hakuna mzazi aliyewahi kuambiwa hivi na mimi kabla ya mafunzo, kwa sababu na mimi nilikuwa sijui. Ipo dawa ya naloksoni inayorudisha pumzi ya mtu aliyezidisha heroini, inafanya kazi ndani ya dakika chache, lakini muulize nesi wa zahanati ya mtaani aliiona lini mara ya mwisho. Na bado mtaani watu wanammwagia maji ya baridi na kumnywesha maziwa.

Sisemi serikali haijafanya kitu, hapana, itakuwa kukosa shukrani. Kliniki ya methadoni ya Muhimbili ilifunguliwa mwaka 2011 ikawa ya kwanza nchini, ikafuata Mwananyamala, ikaja hapa kwetu Temeke, na sasa zipo hadi mikoani, Zanzibar nako kuna kliniki na soba hausi za miaka mingi. Kwa kawaida mgonjwa anakunywa dozi yake kila siku mbele ya mhudumu, bure, na nimeona kwa macho yangu vijana waliokuwa wanalala barazani sasa wanauza matunda, wameoa. Tuna na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015. Lakini kliniki ni mlango wa ndani. Huyu mtu kabla hajafika kule keshapita kwa mwalimu aliyemfukuza shule, kwa mtendaji, kwa sheikh au mchungaji aliyeletewa na mama yake amwombee, kwa polisi, na kwangu mimi. Hawa wote wakimtukana, ataijulia wapi hiyo kliniki? Wengine wanafikishwa na waelimishaji rika wa asasi ndogo ndogo wanaozunguka maskani kwa miguu, na watu hao nawavulia kofia, ila hawawezi kuwa kila mahali.

Watasema hela hakuna, watumishi wachache. Naomba tukumbuke enzi za VVU. Mimi naikumbuka kampeni ya kupima aliyoizindua Rais Kikwete mwaka 2007, ilipofika huku chini ushauri nasaha ulisambazwa hadi kwenye zahanati za vijijini, nesi wa kawaida akafundishwa amkaribishe vipi mtu, ampe vipi majibu, atunze vipi siri, na leo hakuna nesi atakayesoma majibu ya VVU kwa sauti mbele ya foleni, ataona aibu mwenyewe. Hiyo heshima ilifundishwa, haikushuka tu. Sasa kwanini mtu wa unga au wa gongo bado tunamtangaza kwenye foleni? Kwa sababu hatujafundishwa kwamba na hii ni siri ya mgonjwa kama siri nyingine yoyote.

Ila mafunzo yenyewe jamani yawe mafunzo. Nimewahi kuhudhuria nyingine ya siku mbili, ukumbini, projekta inaonyesha slaidi za Kiingereza mfululizo hadi watu wanasinzia, hatukufanya igizo hata moja, hatukuongea na mgonjwa hata mmoja, jioni cheti na posho watu wakatawanyika, hadi leo hakuna aliyekuja kuuliza unatumia nini katika uliyofundishwa. Na wanaopelekwa mara nyingi ni wakubwa wa ofisi, sio wa dirishani, kuna mwaka kwetu alipelekwa mtu aliyebakiza miezi mitatu kustaafu. Inaniuma sana. Kusikiliza hakusomwi kwenye slaidi, ni kama kutafuta mshipa wa mtoto mchanga, lazima ufanye, ukosee, aliyekuzidi akushike mkono akuonyeshe, urudie. Tena yafanyike kwa Kiswahili kwa sababu mgonjwa wangu haongei Kiingereza, anasema kete, anasema kudunga, anasema arosto, nisipoyajua hayo maneno nitaongea nae nini?

Ombi langu kwa Wizara ya Afya na Mamlaka, vyuo vya uuguzi na vya ustawi wa jamii viweke somo hili kabla mtu hajaajiriwa, na mwanafunzi akae angalau wiki mbili kwenye kliniki ya methadoni awaone watu wakiwa wanapona, maana sisi wa mtaani tunawaona wakiwa hoi tu ndo maana tunaamini hawaponi. Waliopona wafundishe na walipwe kama wakufunzi wengine, sio waitwe kutoa ushuhuda wa dakika kumi wapewe soda. Halafu tuliokwishafundishwa tupate mtu wa kutusimamia hata mara moja kwa mwezi, kwa sababu haya mazungumzo ni mazito, nimewahi kumsikiliza binti wa miaka 19 nikarudi nyumbani nikashindwa kula, nikawafokea watoto wangu kwa kosa lisilokuwepo. Mtu anayebeba ya wengine nae anahitaji pa kuyatua, la sivyo anakuwa mkali tena kama zamani, sio kwa roho mbaya, kwa kuchoka tu.

Na ninyi wa magazeti naomba mtusaidie kidogo na picha. Kila habari ya dawa za kulevya ina picha ya kijana kainama barabarani, usingizi umemchukua, sura inaonekana. Yule ana mama, na mama yake anajificha haji zahanati kwa ajili ya picha hizo.

Sisi kwetu hatujasubiri. Ijumaa mchana foleni ikipungua tunakaa manesi wanne chini ya mwarobaini nyuma ya zahanati tunafanya igizo, mmoja anakuwa mgonjwa mmoja anauliza wawili wanahesabu maswali ya ndiyo na hapana, nusu saa tu. Wiki iliyopita mwenzangu aliuliza maswali matano na yote yalikuwa ya wazi, tukampigia vigelegele hadi mlinzi akaja kuchungulia. Kinachotukwamisha ni kukosa mtu aliyetuzidi ujuzi wa kutusahihisha. Kama kuna mnasihi, au kaka au dada aliyepitia huko na yuko tayari kuja kutufundisha, aache salamu ofisini kwako Mhariri, nitapita kuzichukua. Tunaanza saa nane.

Wako,
Nesi wa zahanati,
Temeke, Dar es Salaam