Kaka, siku ile kapteni nilikuwa mimi

Kaka yangu,

Assalaam aleikum. Simu hupokei, ujumbe unausoma hujibu, basi nakuandikia hapa ambapo najua unapita.

Juzi nimekitazama tena kipindi chetu cha Star Trek, ile tamthilia ya Kimarekani ya chombo cha anga, kile cha Edith Keeler. Kanda ya mjomba kutoka Muscat tuliicheza mpaka picha ikawa inaruka. Kapteni Kirk karudi nyuma ya wakati, yuko New York ya mwaka 1930, kampenda Edith, mwanamke anayewalisha maskini, na msaidizi wake Spock keshamwambia: huyu asipokufa, Marekani itachelewa kuingia vitani na Hitler atashinda. Gari linakuja. Daktari McCoy anataka kukimbia amwokoe, Kirk anamkumbatia kwa nguvu, hamwachii. Ulilia ukajificha nyuma ya kochi la baba. Kisha ukatoka ukaniambia: kapteni anaamua kwanza, kulia baadaye.

Tulipocheza, wewe ulikuwa Kirk kila siku na mimi Uhura, yule afisa wa mawasiliano wa chombo, kwa kuwa jina lake ni letu, limetoka kwenye uhuru. Sikulalamika. Nilikipenda kile kipindi cha 1967 alichofutwa kumbukumbu, akawa anafundishwa kusoma upya, mara Kiswahili kikamtoka. Ulirudisha kanda nyuma mara nne ili nisikie vizuri. Hilo sijalisahau, Kaka.

Lakini vipindi vyote 79, tangu 1966 hadi 1969, Uhura hakuachiwa chombo hata siku moja. Mimi niliachiwa.

Baba alikata roho kabla ya adhana ya alfajiri. Saa mbili ba'mdogo akanifuata jikoni: mwanangu, tumngoje kaka yako? Wewe uko Toronto, ndege ya karibu ingekufikisha keshokutwa. Umeme umekatika tangu usiku. Na baba mwenyewe alishasema, tena mbele yako, kwamba siku yake ikifika asilazwe ndani. Nikajibu, azikwe alasiri.

Ndipo ukapiga. Shangazi aliiweka simu juu ya mkeka, kando ya chetezo, akawasha spika ili wote wakusikie ukitoa pole. Hukutoa. Ulisema, "Mna haraka gani ya kumfukia?" Kumfukia, Kaka! Taka ndizo hufukiwa. Moshi wa ubani unapanda, wanawake wote wananitazama, na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima ile simu.

Nakushauri kama mdogo wako, usikae na hasira ugenini, zinakula mwili. William Shatner na Leonard Nimoy, Kirk na Spock wenyewe, walifika mahali hawasemezani kwa miaka. Nimoy alipofariki Februari 2015, Shatner hakufika mazikoni. Alikuwa kaahidi kwenda kwenye shughuli ya hisani, wakaenda binti zake. Watu walimsema sana. Mimi sikumsema, maana najua mtu hubanwa. Na wewe ulibanwa na umbali, sikukulaumu. Je, mimi sikubanwa? Nani alimgeuza baba kitandani miezi saba? Nani alimlisha uji kwa kijiko, akiutema anaanza upya? Pesa ulileta, kila mwezi, Mungu akulipe. Lakini pesa hazikumgeuza. Hata makaburini sikwenda, wanawake tulibaki uani. Jeneza lilipotoka nilisikia ndara za watu zikiburuzika mchangani hadi zikapotea, basi. Huo ndio ukaribu wote nilioupata, mimi niliyekuwa na haraka.

Nililia baadaye, kama ulivyonifundisha. Nililia usiku, kwenye kochi lake.

Kochi bado lipo barazani, sijaruhusu mtu alikalie. Khitma ya mwaka tumeipanga Shaaban. Chumba chako nimekifagia na chandarua nimefua, na pweza wa nazi nitakupikia mwenyewe. Ila neno lile ulirudishe kwanza. Unipigie siku shangazi yupo, nitaiweka simu juu ya mkeka ule ule na spika nitaiwasha.

Mdogo wako