Kaka, dawa hazikumkunja mama vidole

Kaka,

Siku ya kuanua matanga ulisimama mbele ya ukoo ukasema dawa za ukoma ndizo zilizomkunja mama vidole. Nilinyamaza kwa heshima ya marehemu. Leo sinyamazi.

Wewe ulikuwa Arusha. Mimi ndiye niliyekuwa Kibosho mabaka yake yalipovimba yakawa mekundu, na kiwiko kikawa hakigusiki. Ulipokuja ukamkuta uso umejaa, ulichukua pakiti zake za vidonge ukazitumbukiza chooni, yeye anaona. "Mama, sumu hii itakuua." Mama alikutazama tu. Wewe ni kifungua mimba wake, angekubishia nini? Najua ulimpenda, kaka, lakini hilo sijalisamehe.

Vidonge havikuwa na kosa. Kinga ya mwili wake ndiyo iliyoamka ikavishambulia vimelea kwenye ngozi na mishipa ya fahamu, hata vile vilivyokwisha kufa. Hali hiyo humpata mgonjwa kabla ya dawa, akiwa kwenye dawa, hata baada ya kumaliza dozi. Mshipa wa kiwikoni ukivimba hujibana, na vidole viwili vya mwisho vinaishiwa nguvu. Si uliambiwa? Mama anamenya ndizi, kisu kinamponyoka. Anakiokota, kinamponyoka tena.

Nilipomfikisha hospitali ya KCMC, daktari alimrudisha kwenye dawa zake zilezile, akamwongezea prednisoloni, dawa ya kutuliza uvimbe, miligramu 40 kila asubuhi, za kupunguzwa taratibu kwa miezi, marufuku kukatisha ghafla. Akampima sukari na presha, maana dawa hiyo huzipandisha, akampa na ya minyoo. Maumivu yakatulia. Kidole cha pete kilinyooka kidogo, cha mwisho kikagoma. Mshipa ukiwahiwa kabla ya miezi 6 una nafasi nzuri ya kupona, ila sisi wiki zetu ziliishia kwenye mitishamba yako.

Unaniita mkaidi kwa kuwa nilizificha dawa mpya kwenye pipa la mahindi. Nilizificha, na ningezificha tena. Nani mwingine angemlinda?

Sasa huyu mwanao mdogo. Nilipomwogesha siku ya msiba niliona baka mgongoni, limepauka, halimwashi. Nilipitisha unyasi juu yake, hakushtuka. Mpeleke akapimwe, kaka. Dawa ni bure, na akivimba katikati ya dozi mrudisheni hospitali siku hiyohiyo, msitupe kidonge hata kimoja. Kama hutaki kuniona, mpe shemeji nauli. Nitawapokea stendi ya Moshi.