Barua kwa Mwanahamisi

Tanga, Jumapili jioni

Shoga yangu Mwanahamisi,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Umeniuliza operesheni ya kukaza tumbo ikoje, nami nitakwambia kama nilivyoipitia.

Haipunguzi uzito. Baada ya pacha, misuli yangu ya tumbo iliachana katikati, na mazoezi yote yale hayakuirudisha. Daktari aliishona ikakutana, akakata ngozi iliyolegea, kitovu akakitobolea mahali papya. Nilikuwa kwenye nusu kaputi kwa muda wa saa tatu. Kovu linatoka nyonga hadi nyonga, chini, chupi inalifunika.

Kazi ni siku za mwanzo. Nilirudi nyumbani na mirija miwili ya kutolea maji, ikatolewa siku ya tisa. Wiki nzima nilitembea nimeinama kwa jinsi ngozi inavyovuta. Unalala chali, mito mgongoni na chini ya magoti. Ukikohoa, unakumbatia mto. Dawa za maumivu zinafunga choo, papai lisikose. Mkanda nilikaa nao wiki sita, usiku na mchana, na kila nilipoukaza nilimkumbuka marehemu bibi akinifunga mkaja.

Kesho yake tu baada ya operesheni walinitoa kitandani nitembee, machozi yananitoka. Usigombane nao. Ukilala tu, damu huganda miguuni, na bonge likipanda mapafuni linaua. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi zikabana, usingoje kuche, kimbilia hospitali.

Na lile sikio lako lililoota kovu nene ulipotoboa, mwonyeshe daktari kabla ya yote. Ngozi yenye tabia hiyo inaweza kufanya vilevile tumboni, na kule kovu ni refu.

Linalonitia wasiwasi ni hili: mwanao ana miezi minne, ananyonya, na umesema shemeji anataka mwingine. Subiri, Mwanahamisi. Mimba ikija, ngozi na misuli vitalegea tena, na pesa na maumivu yote yatakuwa yamekwenda bure. Zaa umalize, achisha, mwili utulie. Halafu nani atambeba mtoto? Mimi wiki sita sikuinua hata ndoo. Pacha walikuwa na miaka minne, wakapandishwa kochini ndipo niwapakate, na dada alifunga genge lake kuja kunipikia. Wewe hapo ulipo huna mtu wa kukaa nawe, nami najua hutakubali kuomba.

Sijuti. Mgongo umepona, nasimama wima. Ila huu mwezi wa nane tangu operesheni na chini ya kitovu bado pana ganzi. Hata chupa ya maji moto siweki, nisije nikaungua bila kujua.

Nakuja Idi, inshallah. Nitakuonyesha kovu chumbani, ulione kwa macho yako. Kabla ya hapo usimlipe mtu hata shilingi.

Nibusie mtoto.

Wako,
Zuhura