Mbona teras yenu haina jakuzi? Tujibu mara moja yaishe

Kila wiki swali hili lazima lije. Mtu kaona picha za fleti yetu ya kupangisha wageni, iko Kiponda, Mji Mkongwe wa Zanzibar, kaipenda, kauliza bei, kaomba punguzo (hiyo kawaida, hatununi), tumekubaliana, halafu mwisho kabisa anauliza sasa jakuzi iko wapi? Au tunaweza kuja nayo? Au, na hili ndo linatutoa jasho, sisi tutakuwa kama arobaini hivi, ni bethdei, DJ wetu tunae.

Jibu ni hapana kwa yote, na wallahi si roho mbaya. Tumeona tuandike kwa urefu ili mtu akiuliza tumrushie hii, maana kueleza mambo ya boriti kwa voisi noti kunachosha na mteja anabaki anahisi kuna kitu tunamficha.

Hii ni nyumba ya zamani ya biashara, zile za Wahindi, duka chini na milango ya mbao inayofunguka yote njiani, familia inakaa juu. Baada ya Mapinduzi ya 1964 wakakaa watu wengi, vyumba vikakatwa kwa plaiwudi, kila kona jiko. Sisi tulipoingia tukatoa hizo plaiwudi zote, ghorofa ya juu ikawa fleti moja, vyumba viwili vya kulala, AC, bafu la maana, jiko lina oveni, na ngazi ya mbao ya kupandia teras. Ufahari upo na tunauuza kwa bei yake. Lakini mwili wa nyumba ni uleule, mawe ya matumbawe, chokaa, udongo mwekundu na boriti za mikoko, hakuna nondo hata moja humu ndani wala nguzo ya zege, kila kitu kimebebwa na kuta zenye unene wa nusu mita.

Na mwenye amri ni boriti. Mkoko haukupi mti ulionyooka kwa urefu unaotaka wewe, ndo maana vyumba vingi vya Mji Mkongwe upana wake unaishia mita 3 hivi, urefu ndo unaachiwa uende. Wageni wetu wa Muscat hili hatuna haja ya kuwaeleza, boriti za Rufiji na Lamu zilikuwa zinapakiwa majahazini kwenda Oman na Ghuba yote na nyumba za babu zao nazo zina vyumba vyembamba hivihivi. Wa Dar na Nairobi ndo wanaoshangaa, kitanda cha sita kwa sita kikishaingia, pembeni pamebaki pa kupita mtu mmoja tena akiwa hajashiba sana.

Sasa twende juu. Sakafu ya teras ilijengwa kwa kulaza boriti karibu karibu, juu yake mawe bapa, juu ya mawe chokaa na kokoto, halafu watu wakaipiga kwa vibao siku na siku mpaka ikashikana. Wazee wanasimulia walikuwa wakipiga huku wakiimba, na wanavyosimulia utadhani ilikuwa harusi. Unene wake ni sentimita 20 mpaka 30. Piga hesabu, kwa unene wa sentimita 25 kila mita moja ya mraba ina kilo 400 na kitu zake yenyewe, na teras yetu ni mita 3 kwa 8, yaani boriti zimeshabeba kama tani 10 kabla hujaweka hata kiti cha plastiki.

Halafu wewe unataka jakuzi. Jakuzi ya watu wanne inakula maji lita 1,000 na kupita, na lita moja ni kilo moja, kwa hiyo hapo ni tani nzima ya maji tu, bado beseni lenyewe, bado watu wanne walioshiba urojo, na uzito wote huo haujatawanyika, umekaa juu ya boriti chache sehemu moja. Kuna mgeni alikuja na bwawa la kupuliza la watoto, lile la duara, akasema hiki kitoto tu. Upana mita moja na nusu, ukitia maji sentimita 30 ni kilo 500 na ushei. Tulimuomba akaliweka uani chini, watoto wakafurahi, nasi tukalala.

Watu arobaini nao, kwa kilo 70 kila mmoja, ni kilo 2,800. Wangekaa kitako wametulia wanakunywa kahawa hapo tungezungumza, lakini bethdei hakuna anaekaa kitako, ikipigwa singeli wanaruka wote kwa pamoja na uzito wa mtu anaeruka si ule wa mtu aliesimama. Kwa hiyo mwisho wetu ni watu 12 juu kwa wakati mmoja. Hata ukilipa mara mbili ni 12.

Hatutishi mtu, lakini sote tunakumbuka tarehe 25 Disemba 2020, Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, upande mzima ulishuka likiwa linafanyiwa matengenezo na watu wawili wakafariki. Lile jumba lina mambo yake na hii yetu ina yake, hatulinganishi. Ila tangu siku ile mwenye nyumba yoyote ya zamani mji huu akisikia dari imelia usiku anaamka.

Tatizo la pili la teras, na hili ndo kubwa kweli ingawa wageni hawalioni, ni maji ya mvua. Zamani ikivuja mtu anaita fundi, fundi anamwaga saruji juu, inakaa misimu miwili mitatu inapasuka, kwa sababu boriti inacheza kidogo na chokaa inaifuata ila saruji haitaki, basi inamwagwa saruji nyingine juu ya ile, halafu lami, halafu saruji tena. Tulipofukua yetu tulikuta matabaka hayo yote, nyumba imeongezewa mzigo miaka na miaka na bado inavuja. Mbaya zaidi maji yakishaingia chini ya saruji hayana pa kutokea, chokaa inaruhusu unyevu upumue utoke lakini saruji imefunga, kwa hiyo unyevu unakwenda kukaa kwenye ncha za boriti mule zilimoingia ukutani, na hapo ndo zinaoza kwanza. Kwa chini huoni kitu, boriti imepakwa rangi nzuri inang'aa, kumbe ncha imeshakuwa unga.

Tulitoa saruji yote, gunia kwa gunia kwa ngazi, tukabadilisha boriti zilizochoka (na boriti siku hizi si kitu cha kwenda dukani ukachagua, mikoko inalindwa), tukapiga sakafu ya chokaa upya yenye mteremko kuelekea mchirizi. Gharama msituulize. Tangi kubwa la maji ambalo zamani lilikuwa juu tumelishusha chini lita 5,000 zake zote, juu kuna dogo tu na limekaa pembeni pale kuta mbili zinapokutana.

Adui aliebaki ni kunguru. Hawa kunguru wa Kihindi walioletwa hapa mwisho wa karne ya 19 hawajawahi kuondoka, wanatupa mifupa na mifuko kwenye mchirizi, mvua ikija maji yanasimama. Kijana wetu anapanda kila asubuhi kusafisha, ukisikia nyayo juu saa 12 na nusu usiogope, na tafadhali usiache sahani za chakula usiku.

Chini kwenye ngazi utaona lipu inabanduka na unga mweupe unadondoka. Watu wanapiga picha wanaandika pachafu. Ni chumvi, mawe ya bahari yale, unyevu unapanda toka ardhini unafika juu unakauka unaiacha chumvi ukutani na inasukuma lipu. Tunafagia, tunapaka chokaa upya, inarudi. Kuna waliotushauri tupige vigae mpaka juu ikae safi, tumewashukuru.

Kuhusu ule ukuta mrefu wa kuzunguka teras, wengi wanataka tuupunguze wapate picha ya bahari na Minara Miwili, lile kanisa la Mtakatifu Yosefu, bila kupanda kwenye kiti. Ule haukuwekwa kwa bahati mbaya, juu ya dari ndo ilikuwa sehemu ya kina mama kupunga upepo bila kuonekana, na majirani zetu mpaka leo wanaanika nguo na kukaa juu jioni. Ukisimama utaona bahari vizuri tu, ukikaa hakuna anaekuona wala humuoni mtu, hiyo stara ni ya kwako na ya jirani pia. Muziki tunazima saa 4 usiku. Adhana hatuzimi, na alfajiri kwa pale tulipo utaisikia kutoka pande zote.

Na hata tungetaka kuubomoa huo ukuta hatuwezi hivihivi, kila kitu hapa kina kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, madirisha, mlango, kujenga juu, hata mashine ya nje ya AC isitokeze vibaya njiani. Mji uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000. Wengine wanalalamika kuhusu vibali na kweli vinachukua muda, ila sisi tunavipenda kidogo, maana siku jirani akiruhusiwa kuongeza ghorofa mbili hiyo bahari tunayokuuzia haipo tena.

Mengineyo haraka. Gari haifiki mlangoni, inaishia Darajani au upande wa Malindi, kijana wetu anakupokea na mkokoteni kwa mizigo, hulipi. Lifti hakuna, ngazi ni kali na vipandio vyake virefu, ukija na bibi tuambie kabla tukutafutie nyumba ya chini kwa wenzetu. Umeme ni wa Tukuza, yaani wa kulipia kabla, tunajaza sisi, ukikatika inveta inawasha taa, feni na intaneti, AC inasubiri.

La mwisho ni kuhusu mwezi wa Juni. Masika ya Machi mpaka Mei ndo inatuonyesha panapovuja, kwa hiyo mvua zikiisha teras tunaifunga kwa ukarabati. Januari na Februari pia ni kukavu lakini hapo mji umejaa na tamasha la muziki la Sauti za Busara lipo, hatuwezi. Chokaa haina haraka, inafunikwa magunia yaliyoloweshwa ikauke taratibu, na ukiikanyaga mapema kazi yote imeharibika. Kwa hiyo mwezi mzima wa Juni fleti inapatikana bila teras kwa bei pungufu, upepo wa kusi umeshaingia na ndani kuna baridi nzuri. Anaetaka lazima akae juu achukue kuanzia Julai, na aseme mapema, wikiendi za Agosti zinawahi kujaa.