Funguo za Nyumba Yako ya Nzuguni

Ilazo, Dodoma
Julai 6

Mpendwa Mama Zawadi,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Sisi hatujambo, ila baridi ya mwezi huu inatutafuta usiku, na upepo umeshaanza kupandisha vumbi. Mabati yanalia mpaka asubuhi.

Zawadi kanipitia juzi, kanieleza kwamba nyumba ya Nzuguni imekwisha plasta na madirisha yameingia, na kwamba Nanenane hii unataka kuanza na wageni, wale wanaozunguka na mabegi baada ya gesti zote kujaa. Nimefurahi, mwenzangu. Halafu nikakosa usingizi kidogo, maana mimi nimepokea wageni wa kulipa tangu 2018, mwaka ule Dodoma ilipotangazwa kuwa jiji, na kuna jambo sijawahi kukusimulia kwa sababu ya aibu.

Ilikuwa Mei ya mwaka juzi, kipindi cha Bunge la bajeti. Chumba cha uani nilikuwa nimempa binti mmoja mhasibu kutoka Mbeya. Saa saba za usiku nikasikia yowe. Nikatoka na mchi wa kinu mkononi, kanga moja kiunoni, nikamkuta mwanamume kasimama mlangoni kwa binti wa watu, begi begani, ufunguo mkononi, anatetemeka kuliko sisi. Ningekuwa nimekamata mwizi ningejisifu mtaa mzima. Hakuwa mwizi. Rafiki yake alikuwa amelala chumba kile wiki mbili nyuma, akaondoka na funguo zangu za akiba, wa geti na wa chumba katika pete moja, akamwambia, "Ukifika Dodoma usiku usihangaike, ingia tu, yule mama hana neno."

Mama hana neno! Binti alihama kulipokucha nikamrudishia pesa yake yote. Hakuna kilichoibiwa, lakini kwa miezi miwili kila nikisikia geti nilikuwa nakaa kitandani. Na kosa lilikuwa langu. Nilijua ule ufunguo haujarudi, nikasema ataurudisha.

Ndiyo maana Zawadi aliponihesabia habari za ukuta, waya wa umeme na vipande vya chupa juu, nilimuuliza swali moja tu: funguo ziko ngapi, na zipo kwa nani? Hakujua. Fundi wa milango anazo? Yule aliyepaka rangi? Kijana uliyemwachia alale pale saruji isiibwe? Kabla hujaingiza mgeni hata mmoja, badilisha. Huna haja ya kung'oa kitasa kizima kama ni cha kisasa. Kinachobadilishwa ni kile kipande cha katikati kinachoingia ufunguo, mafundi wanakiita silinda. Mimi nina vyumba viwili na silinda tatu. Ufunguo usiporudi, siku hiyohiyo ile ya tatu inaingia mlangoni na iliyotoka inawekwa kabatini mpaka nisahau.

Geti silitolei ufunguo tena. Mgeni akichelewa anapiga simu, mimi au mjukuu tunafungua. Nalalamika, lakini naamka. Na kwa upepo huu wa Dodoma usijidanganye kwamba utasikia hatua za mtu. Geti liwe na komeo la ndani linaloshika.

Weka komeo la ndani kwenye kila chumba cha mgeni pia, la kukuzuia hata wewe. Hili wenye nyumba hawalipendi. Lakini yule naye analala kwa watu asiowajua, na mwanamke aliyesafiri peke yake atalala vizuri akijua mlango hufungui bila yeye kutaka. Upande wenu nao ufungwe, ule mlango wa koridoo unaokwenda kwa wajukuu. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu wa kulipa humpi jembe, basi asiwe na njia ya kupita chumbani kwa watoto akitafuta maji ya kunywa.

Daftari weka, kama la gesti: jina, simu, anakotoka, anakokwenda. Kabila nimelifuta, halinisaidii kitu. Ninachoangalia ni pesa: anayetuma malipo ya awali kwa simu, jina linalotokea nalilinganisha na kitambulisho akifika. Yakitofautiana anieleze, mara nyingi ni mke au bosi kamlipia, na maelezo yanaeleweka. Vitambulisho vyenyewe sipigi picha ovyo. Sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi ipo tangu 2022, na simu yangu unaijua, wajukuu wanaichezea. Mjumbe na mwenyekiti wa mtaa wajue unapokea wageni, wajue kutoka kwako na si kutoka kwa jirani. Habari za leseni kaulize ofisi ya kata.

Sasa hili linanitia hofu kuliko wezi. Juni iliyopita nilikuwa na mgeni wa Dar es Salaam, mzee wa heshima zake. Wewe unawajua watu wa pwani na nyuzi 13 za alfajiri. Nikapita koridoo saa nne usiku, nikaona mwanga mwekundu chini ya mlango. Alikuwa ameomba jiko la mkaa jikoni kwa dada wa kazi, eti apashe maji, kumbe kaliweka pembeni ya kitanda, dirisha kalifunga na mlango pia, upepo usiingie. Akaniambia, "Lakini mama, moshi umeshaisha." Ndipo watu wanapofia hapo. Kaa likishakuwa jekundu bila moshi bado linatoa ile hewa ya sumu, haina rangi wala harufu, inamchukua mtu usingizini bila hata kukohoa. Tangu siku ile kila kitanda kina mablanketi mawili mazito, na jiko la mkaa halivuki mlango wa jikoni hata aombe nani. Mwambie na binti wako wa kazi sababu, usimpe amri tupu, maana mgeni akimbembeleza na buku mbili atampa.

Na zile nondo za madirisha, Zawadi kanionyesha picha, zimechomewa zote. Nzuri kwa mwizi. Moto ukiwaka mlangoni, mgeni anatokea wapi? Mwite fundi wa kuchomelea, dirisha moja kila chumba grili iwe na bawaba, ifunguke kwa nje, kofuli lake ndani, na ufunguo uning'inie kwenye msumari ambapo mkono wa mtu wa nje haufiki. Mwonyeshe kila mgeni siku anayofika. Namba ya Zimamoto, 114, nimeibandika nyuma ya mlango, na ya polisi 112. Mtungi wa gesi uwe nje.

Kamera nayo, wanangu wameniletea moja. Ya getini tu, na mgeni namwambia ipo. Mwanzo waliifunga ikawa inaangalia uwanja wa jirani mpaka kwenye kamba yake ya nguo. Alininunia mwezi mzima, na alikuwa na haki.

Jumamosi ijayo nitakuja Nzuguni na fundi wangu wa vitasa, nimeshaongea naye. Wewe ukishuka kutoka Manyoni njoo na funguo zote ulizonazo, hata zile usizojua ni za mlango gani, tuzijaribu moja moja. Na asali usisahau, ya safari ile Zawadi aliimalizia njiani.

Wasalimie wote.

Rafiki yako,
Mama Tumaini