Asante mzee wa uzi wa gita

Jamani kama kuna mtu anamjua yule mzee wa kofia ya bluu alikuwa foleni ya matatu pale Kencom, Nairobi, juzi jioni, mwambieni asante sana. Nilikuwa naenda kupiga ile Sonata ya gita ya Antonio José, mtunzi wa muziki wa Uhispania, aliiandika 1933 halafu 1936 vita vya Uhispania vikaanza akauawa kwa risasi, miaka 33 tu, na mimi nafungua begi napata uzi wa nne umekatika! Mzee akatoa mpya kwa mfuko, pesa akakataa, eti mpigie huyo kijana aliyeuawa. Ile Pavana Triste, sehemu ya hiyo Sonata, niliipiga polepole kuliko kawaida, uzi mpya nao si unajua hutoka tuni kila dakika. Mzee, chai yako iko kwangu.