Barua kutoka Houston: kura ya shule

Houston, Texas
16 Novemba 2024

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu kwako, kwa Baba Rehema na kwa wote hapo nyumbani. Sisi hatujambo, isipokuwa mume wangu na goti lake.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza nikipika, nikacheka peke yangu uliposema mwenyekiti wa kamati ya shule ameanza tena kuzungusha daftari la michango. Ukaniuliza kama ni kweli huku watu hupiga kura shule ijengwe au isijengwe, na kama kamati yenu nayo ingeweza kupiga kura ya namna hiyo. Ni kweli. Tarehe 5 mwezi huu, siku ile ile ya kumchagua rais, tuliulizwa hilo, na watu wa Houston wamekataa.

Wamekataa dola bilioni 4.4, shoga. Kabla ya hapo hakuna wilaya ya shule Texas iliyokuwa imewaomba wapiga kura mkopo mkubwa hivyo. Maswali yalikuwa mawili: moja la karibu bilioni 4 za majengo, viyoyozi, ulinzi na maji yasiyo na madini ya risasi; la pili milioni 440 za kompyuta na mitambo yake. Yote yameanguka. Katika kila watu 100, kama 58 walisema hapana.

Nikueleze inavyokwenda. Wilaya ya shule huku inajitegemea, ina bodi yake na inatoza kodi yake kwenye nyumba za watu. Ikitaka kujenga, huuza hatifungani, yaani hati za mkopo zinazolipwa na riba, na hizo huna haja ya kufundishwa, maana Tanga UWASA, mamlaka yenu ya maji, wameuza za kwao mwaka huu huu: shilingi bilioni 53.12, miaka 10, riba asilimia 13.5. Zenu zinalipwa na bili za maji. Hizi zinalipwa na kodi ya nyumba, kupitia fungu la deni lisilochanganywa na fungu la mishahara. Ndiyo maana mwenye nyumba anaulizwa kwanza, na ndiyo maana hata zingepita, mwalimu asingeongezewa senti. Wengi hapa hawalijui hilo, wanadhani fedha ni fedha.

Sasa usidhani watu wa hapa ni wachoyo. Mwaka 2012 wilaya hii hii iliomba bilioni 1.89 ikapewa, sekondari kadhaa zikajengwa upya. Kilichobadilika ni mwenye funguo. Juni 2023 serikali ya jimbo iliiweka kando bodi iliyochaguliwa na wananchi, kisa kikubwa kikiwa matokeo mabaya ya miaka mingi ya sekondari moja, Wheatley. Ikaleta bodi yake na mkurugenzi wake, Mike Miles. Maktaba za shule nyingi zikafungwa, walimu wengi wakaondoka, wazazi wakaandamana. Basi ulipokuja mkopo, jibu lilikuwa tayari limeandikwa kwenye mabango: hakuna imani, hakuna mkopo. Hata Democrats na Republicans wa kaunti yetu, ambao kwa kawaida hawakai mkeka mmoja, wote waliupinga.

Na karatasi yenyewe ya kura! Tangu 2019 sheria ya Texas inataka kila ombi la mkopo wa shule liandikwe kwa herufi kubwa kwamba HILI NI ONGEZEKO LA KODI YA MALI. Wilaya ilikuwa imesema kiwango cha kodi hakitapanda, kwa kuwa madeni ya zamani yanaisha na jipya lingeingia mahali pake. Haya, mweleze mtu hayo akiwa amesimama kwenye foleni baada ya zamu ya usiku.

Ila kodi si kisa chote. Jirani yangu, bibi aliyepita miaka 65, kodi yake ya shule kwa sheria imeshasimamishwa pale pale ilipo, haipandi. Naye alisema hapana.

Mimi nilisema ndiyo. Mtoto anayesoma Agosti kwenye darasa lisilo na kiyoyozi, na Agosti ya hapa joto lake linaipita Tanga, hakumchagua mkurugenzi yeyote. Mume wangu alisema hapana. Tulikwenda gari moja tukarudi hatusemezani. Hoja yake: deni litalipwa miaka na miaka, na mtu anayekabidhiwa hakuchaguliwa, sasa akiharibu utamtoa kwa kura ipi? Sikuwa na jibu, nikaenda kuosha vyombo.

Kinachonisumbua ni haya madarasa yenu ya mwaka 2021. Shilingi trilioni 1.3 za UVIKO serikali ilizikopa kutoka IMF, Shirika la Fedha la Kimataifa, hakuna aliyekuuliza lolote, madarasa 15,000 yakajengwa, na ni wewe uliyenitumia picha ukifurahi kwamba watoto wa kidato cha kwanza wanaanza pamoja, bila kungoja awamu ya pili. Huku tumeulizwa kwa heshima zote na viyoyozi bado vibovu. Kwa hiyo usiniulize mfumo upi bora, kila wiki nina jibu jipya.

Hilo la kamati yenu kupiga kura ya hatifungani lisahau, shule moja haiwezi. Ila kuna kitu ningekiiba huku: kabla ya kura wilaya ilitoa orodha, shule kwa shule, ipi inajengwa upya na ipi inakarabatiwa. Mwambieni mwenyekiti aandike hivyo kwenye lile daftari. Choo cha wasichana, matundu mangapi, fundi nani, mchango wa mwaka jana ulibaki kiasi gani. Akinuna, mmeshajua.

Mchango wangu wa choo nitautuma mwisho wa mwezi, kwenye simu yako lakini. Kwake situmi.

Wako,
Zuhura